Kufundisha Kisichoonekana

Mwalimu wa somo la viumbe huzoea kumwambia mwanafunzi atazame, kisha achore. Agizo hilo ni jema, nasi tulilifuata tangu shule ya sekondari. Hata hivyo, tulipokuwa wanafunzi wa ualimu katika chuo kikuu, zoezi letu la kwanza la elimu ya virusi lilituonyesha kwamba agizo hilo laweza kumzoeza mtu uongo.

Kwa majuma mawili tulikuwa tumenakili ubaoni: kirusi hakina seli, kimeundwa kwa asidi ya nukilia iliyofunikwa kwa protini, hakizaliani ila ndani ya seli hai. Tuliyakariri hayo kama dua. Juma la tatu mhadhiri alituletea majani ya muhogo, mengine mazima, mengine yenye ugonjwa wa batobato, akatuagiza tuyalinganishe kwa hadubini na kuchora tulichokiona.

Tulitazama kwa muda mrefu bila ya kuona lolote la ajabu. Mwenzetu mmoja alipotamka kwamba ameona vidoa vya mviringo katika jani gonjwa, sote tukaviona. Michoro yetu ikajaa vidoa, na pembeni tukaandika kwa wino: "virusi".

Mhadhiri aliirudisha michoro bila ya alama, akauliza swali moja tu: nani alilitazama jani zima? Hakuna aliyejibu. Tulipolitazama, vidoa vilikuwamo vilevile. Zilikuwa chembe za wanga.

Ndipo tulipopiga hesabu ambayo ingalitangulia. Hadubini ya kawaida haipambanui vitu vilivyo vidogo kuliko nanomita 200 hivi, yaani sehemu moja ya elfu tano ya milimita. Kirusi cha batobato kina urefu wa nanomita 30 na upana wa 20 tu. Kama kirusi hicho kingekuwa punje ya hindi yenye sentimita 1, seli ya jani yenye mikromita 50 ingekuwa ukumbi wa mita 17.

Basi virusi vilijulikanaje? Swali hilo, tuliloliogopa, ndilo lililotufungulia somo. Mwaka 1898 Beijerinck, huko Uholanzi, alichuja utomvu wa tumbaku gonjwa kwa chujio la kauri lizuialo bakteria, na utomvu uliochujwa bado ukaambukiza. Tena kisababishi kiliongezeka ndani ya mmea uliokuwa ukikua. Hakukiona, alikijua kwa matendo yake.

Batobato lenyewe lina historia iliyo karibu nasi zaidi. Warburg alilieleza mwaka 1894 kutokana na mihogo ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Storey na Nichols, waliofanya kazi Amani, walieleza mwaka 1938 jinsi nzi weupe wanavyolieneza. Lakini kirusi chenyewe kilithibitishwa kuwa ndicho kisababishi mwaka 1983, katika kazi ya Bock na Woods. Ni miaka 89 tangu maelezo ya kwanza. Watu hao wote walivumilia kutojua; sisi tulishindwa kuvumilia kwa muda wa kipindi kimoja.

Kutokana na hayo twapendekeza kwa walimu wenzetu mambo matatu. Kwanza, somo la virusi lianze kwa swali la chujio, wala si kwa mchoro. Mchanganyiko wa maharage na unga, pamoja na chekeche, watosha kwa mfano: unga ukipita na maharage yakibaki, mwanafunzi ataeleza mwenyewe kilichopita ni cha namna gani. Pili, kila kigonjwa kitazamwe pamoja na kizima chake. Tatu, vipimo vihesabiwe kabla ya hadubini kuguswa.

Zaidi ya yote, mwanafunzi anayeandika "sikuona kitu", naye ametazama kwa bidii, apewe alama zake kamili. Sisi hatukuwa na ujasiri wa kuandika maneno hayo. Tusiwafundishe wengine kuyaogopa.