Mashua zilizopita milimani

Mwaka 1915 gari la moshi lilipita Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville siku zile. Lilichukua mashua mbili za vita za Waingereza: Mimi na Toutou. Reli iliishia Fungurume. Kutoka hapo mashine za mvuke, ng'ombe na watu wengi walizikokota juu ya milima ya Mitumba. Watu walikata miti, wakajenga madaraja, na wanawake wakachota maji ya kunywesha mashine.

Tarehe 9 Februari 1916, katika ziwa Tanganyika, Mimi na mwenziwe Fifi walizamisha meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann.

Mpiga mbizi akishukia meli iliyozama huona chuma na matope tu. Basi, tukitaja meli ile, tuwataje na wale waliobeba maji.