Sehemu ya 4: Ngosi na mtoto mgongoni

 Nyie baba mnaosoma kimyakimya bila kusalimia, tunawaona.

Likizo ya Juni imefika na swali ni lile lile: "Nesi, tunataka kuwapeleka watoto Ziwa Ngosi. Huyu mdogo wa miezi kumi tunaweza kwenda naye?" Mimi nimekulia Mbeya. Nimepanda kule kabla sijaolewa na baada ya kuolewa, na wanangu wote wawili wameliona lile ziwa. Kwa hiyo sitakwambia usiende. Mtoto kukaa likizo nzima mbele ya katuni nako si afya. Nenda, lakini kwanza nisikilize kuhusu huyo wa mgongoni, maana ndiye ambaye watu humsahau.

Kwa wasiolijua: Ngosi ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkano, kwenye milima ya Uporoto, wilaya ya Rungwe. Unatoka Mbeya kwa barabara ya Tukuyu, unakata kulia, unaacha gari, halafu unapanda kwa miguu ndani ya msitu. Mianzi, migomba pori, miti mikubwa yenye kuvu, na ukibahatika mbega wanaruka juu ya kichwa chako. Ukifika juu ukingoni, uko karibu mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Hapo ndipo unaliona, chini kabisa, kijani kibichi, limetulia kama limechorwa. Wenyeji wanasema umbo lake ni kama ramani ya Afrika, na watoto wangu walibishana nusu saa Madagaska iko wapi.

Sasa hesabu ya baridi. Kila ukipanda mita 1,000, hewa inapoa kwa takriban nyuzi 6. Aliyetoka Dar amepanda mita zote hizo 2,600, maana yake ni kama nyuzi 15 pungufu ya alikotoka. Na hapo sijaweka upepo wa ukingoni, wala ukungu, wala mvua, ambayo kwenye msitu ule haikupigii hodi. Juni na Julai ndiyo miezi yetu ya baridi kali.

Wewe unayepanda huisikii hiyo baridi. Unapanda, moyo unadunda, jasho linakutoka, unavua hata sweta. Unajisemea, kumbe hakuna baridi bwana. Mtoto uliyembeba hapandi. Amekaa tu. Misuli yake haifanyi kazi, miguu inaning'inia nje ya mbeleko, pampasi imelowa, na jasho lako wewe limeshalowanisha nguo yake kwa mbele. Mbebaji anapata joto, mbebwaji anapoa. Hilo ndilo nataka uondoke nalo leo, hata ukisahau mengine yote.

Na mwili wa mtoto mdogo unapoteza joto haraka kuliko wako. Ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, kichwa chake ni kikubwa, mafuta ya mwilini ni machache. Mchanga kabisa hajui hata kutetemeka vizuri.

Mwaka juzi tulikuwa tunapanda kurudi kutoka majini, tukakutana na vijana wawili, mke na mume, wamepumzika kwenye mizizi. Baba amembeba mtoto, shati limemganda kwa jasho. Tukasalimiana. Nikauliza mtoto hajambo? Mama akajibu kwa furaha kabisa, "Hajambo dada, leo hasumbui. Amelala tangu kule chini."

Jamani, sisi manesi neno "hasumbui" huwa linatusimamisha. Nikamwambia, "Samahani mama, mimi ni nesi, naomba nimguse." Nikaingiza mkono chini ya nguo, tumboni. Tumbo la baridi. Vidole kuwa vya baridi ni kawaida, lakini tumbo la mtoto linatakiwa kuwa na joto kila wakati. Nikamwita, akafungua macho kidogo, akayafumba.

Hatukukimbia naye. Tulimvua zile nguo mbichi zote na pampasi, tukamkausha kwa kitenge, mama akafungua blauzi tukamweka kifuani ngozi kwa ngozi, kama tunavyofanya na watoto njiti wodini. Soksi kavu za mwanangu zikawa kofia. Kijana aliyekuwa anatuongoza njia akavua koti lake bila kuombwa, tukawafunika wote wawili. Baba wa watu alikuwa anatetemeka kuliko mtoto. Baada ya muda, sikumbuki ni muda gani ila ulikuwa mrefu, mtoto akaanza kutafuta ziwa. Akanyonya. Halafu akalia, kilio kikubwa cha hasira, na mama yake akalia naye. Nikawaambia wakishuka wapitie kituo cha afya kabla ya kwenda nyumbani, na walipitia.

Wale wazazi hawakuwa wazembe. Walimfunika blanketi zuri tu. Blanketi likalowa kwa ndani, na nje hakuna aliyeona.

Basi shika haya:

Kila mkipumzika, mkono tumboni kwa mtoto. Usiguse vidole ukaridhika. Tumbo au mgongo ukiwa wa baridi, simama hapo hapo umpashe joto.

Mtoto anayepoa hutulia. Analegea, ananyonya kwa uvivu au anakataa, anasinzia muda usio wake. Mkubwa kidogo atatetemeka, ataanza kujikwaa na kuongea kama mlevi. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, usishangilie. Hali imekuwa mbaya zaidi.

Kumpasha: toa kilicholowa, kausha, ngozi kwa ngozi, funika kichwa, mnyonyeshe. Mkubwa aliye macho kabisa mpe chai ya moto wa wastani yenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, usimsogeze karibu na moto, na zile dawa za kuchua za kuwashawasha hazipashi mwili, zinaunguza ngozi tu. Kisha kituo cha afya, hata kama amechangamka.

Mkobani: seti mbili kamili za nguo kavu zilizofungwa zisilowe, kofia ya sufu, soksi, koti la mvua la kumfunika mtoto na mbebaji pamoja, chupa ya chai, maji ya kunywa ya kutoka nyumbani. Na wewe mbebaji uwe na fulana ya kubadilisha, kwa sababu jasho lako ndilo linalomlowanisha.

Mwenye mtoto wa selimundu, ongea na kliniki yenu kabla ya kupanga safari hii. Baridi, kupungukiwa maji na kuchoka vinaweza kuamsha maumivu makali, na kutoka kule bondeni hakuna bodaboda. Mwenye pumu, dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwa mzazi, isiachwe kwenye gari.

Kuhusu kushuka mpaka majini. Njia ile ni mwinuko hasa, unashika mizizi kwa mikono. Huku kwingine unapanda ukiwa na nguvu na kushuka ukiwa umechoka. Ngosi ni kinyume: nyumbani ni juu. Kila hatua mtoto anayoshuka akicheka, utamdai aipande akilia, au umbebe. Mjamzito wa miezi ya mwisho, liangalie ukiwa ukingoni, panatosha kabisa. Chini kule mtoto asiogelee. Ni maji ya baridi, na kina chake kinazidi mita 70. Watoto hawazami kwa kelele kama kwenye sinema, wanazama kimya. Kaa umbali wa kumshika kwa mkono.

Na mnaolala kwenye hema sehemu yoyote ya milima yetu, nawaomba kwa heshima zote: jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata liwe limebaki majivu mekundu tu. Hewa yake haina harufu wala haikohozi mtu. Familia inalala na haiamki.

Pangeni saa ya kugeuka kabla hamjaanza kutembea. Mimi na baba watoto yetu ni saa saba mchana. Ikifika, popote tulipo tunageuka, hata kama ziwa tumeliona kwa mbali tu kupitia ukungu. Mwaka mmoja tuligeuka hatujaliona kabisa. Mwanangu mkubwa alinuna mpaka Uyole, tukamnunulia viazi vya kukaanga, akasahau.

Sehemu ya 5 tutaongelea homa ya usiku, lini usubiri asubuhi na lini usisubiri. Mkienda Ngosi wiki hii, salimieni mbega.