Makaa Yapi?

Katika Kiswahili cha Kenya, makaa ni kitu kinachojulikana na kila mtu: ni miti iliyochomwa chini ya udongo, ikatiwa guniani na kuuzwa kando ya barabara. Makaa ya mawe ni jina la vitabuni. Wengi wetu tulikutana nalo katika somo la Jiografia, tukalikariri kwa ajili ya mtihani, na hatujawahi kuyaona yakiwaka. Naandika makala haya kwa kuwa tofauti baina ya makaa haya mawili ndiyo kiini cha ongezeko la joto duniani, na kwa kuwa sisi watumiaji wa Kiswahili tumeiacha tofauti hiyo ifichike.

Kwetu ni Naro Moru, kwenye miteremko ya magharibi ya Mlima Kenya. Mabaraza ya huko aghalabu huendeshwa kwa Kiswahili, maadamu wakazi hawana lugha moja ya mama. Likizo iliyopita niliombwa kuwasomea wanabaraza kijikaratasi cha shirika fulani kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kilisema kwamba dunia inapata joto kwa sababu ya "kuchoma makaa, mafuta na gesi". Mzee mmoja, ambaye amewasomesha wanawe kwa kuchoma na kuuza makaa, akasimama akauliza kwa adabu: "Mwalimu, kwa hivyo ni mimi niliyeimaliza barafu ya mlima?" Watu walicheka. Yeye hakucheka. Mama mmoja naye akataka kujua mbona gesi inalaumiwa ilhali wanahimizwa kila uchao waache kuni wanunue mtungi.

Swali la mzee halikuwa la mzaha. Barafu iitwayo Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya ujazo iliokuwa nao mwaka wa 1934. Mtu wa makamo wa Naro Moru ameuona weupe ule ukipungua kwa macho yake mwenyewe. Kumwachia mtu huyo neno "makaa" bila ufafanuzi ni kumtwika hatia ya ulimwengu mzima.

Nilimjibu hivi. Mti unapokua hunyonya hewaukaa kutoka angani. Ukichomwa, hewa hiyo hurudi ilikotoka, na mti mwingine ukipandwa mahali pake utainyonya tena. Makaa ya mawe yalitokana na mimea iliyofukiwa ardhini mamilioni ya miaka iliyopita. Anayeyachimba na kuyachoma huongeza angani hewa ambayo haikuwamo katika mzunguko huo kabisa, na hakuna msitu wa kutosha kuinyonya yote. Kabla ya viwanda kuenea Ulaya, hewaukaa ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420. Hewa hiyo huzuia joto la dunia lisitoke, mithili ya blanketi nzito. Marekani ndiyo iliyoongeza nyingi zaidi tangu viwanda vianze, na Uchina ndiyo inayoongoza kwa sasa. Afrika nzima, yenye zaidi ya sehemu moja ya sita ya watu wote duniani, hutoa chini ya asilimia 4 ya hewaukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hili la sasa linaliwa na wa mbali kwanza.

Hata hivyo sikumtakasa. Ukataji wa misitu duniani kote huchangia takriban sehemu moja ya kumi ya hewaukaa itokayo kwa wanadamu, na asiyepanda alipokata yumo katika hesabu hiyo. Nilikiri pia kwamba kupungua kwa mito yetu wakati wa kiangazi hakutokani na joto pekee: mashamba ya juu huyavuta maji kwa mabomba kabla hayajafika kwetu. Kupanda miti ya kienyeji kando ya mto badala ya mikaratusi, na kuchimba mabwawa ya kuhifadhi maji ya mvua, ni mambo yaliyo mikononi mwetu. Hayatairudisha barafu.

Liko jambo kubwa zaidi ambalo Wakenya wamewahi kulifanya. Mwaka wa 2019, mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, na mojawapo ya sababu ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Umma hauwezi kushirikishwa kwa msamiati usioufahamu. Nashangaa kwamba tunaandika tasnifu nyingi kuhusu uundaji wa istilahi, kisha vijikaratasi vya baraza vinafasiriwa na yeyote aliye karibu na kamusi. Ingegharimu nini kuandika "makaa ya mawe yanayochimbwa ardhini", hata kama mstari utarefuka?

Neno "gesi" ndilo gumu zaidi. Gesi ya mtungi hutoka katika visima vilevile vya mafuta na gesi, na huongeza hewaukaa. Lakini huuokoa msitu, na humwondolea mpishi moshi wa jikoni unaoua watu wengi. Nilimweleza yule mama hivyo. Alisema ameelewa, ila atangoja bei ishuke.