Mto Unaokwisha Olbalbal

Habari za kreta ya Ngorongoro mmezisikia mara nyingi, lakini habari za Olbalbal ni wachache wanaozijua. Hata sisi tukaao Karatu, mwendo wa saa chache tu kwa motokari, tulikuwa hatujafika huko. Basi mwezi wa Juni, masika yalipokwisha, tulifunga safari kwenda kuutazama mto unaomalizikia mahali pale. Tulikuwa na sababu yetu ya nyumbani, nayo tutaieleza mbele.

Tulipita lango la Loduare, tukaupanda msitu wa milimani. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya miti, na matone yakidondoka kana kwamba mvua inanyesha. Msitu huu ndio unaotunywesha sisi wa Karatu, maana chemchemi zetu nyingi hulishwa nao. Juu, ukingoni mwa kreta, tulisimama kidogo, lakini hatutaieleza. Wengine wamekwisha kuisifu vya kutosha. Kisha tukashuka upande wa machweo, na muda si muda msitu ukakoma, nchi ya nyasi ikatandazwa mbele yetu hata macho yakachoka. Milima ile huzizuia pepo zenye mvua zitokazo mashariki, na kwa hiyo upande huu hupata mvua kidogo. Aliyetoka kwenye ukungu saa moja iliyopita hujikuta anapangusa vumbi usoni.

Olbalbal ni bonde pana chini ya milima, lililodidimia zamani ardhi ilipopasuka. Maji yaingiayo humo hayana pa kutokea. Mto wa Oldupai hutoka upande wa maziwa ya Ndutu na Masek, hufuata korongo lake kwenda mashariki karibu kilometa 48, kisha hukwisha hapa. Hauendi baharini, wala haukutani na mto mwingine mkubwa. Mvua zikiwa nyingi, bonde hugeuka kinamasi; jua likizidi, hubaki udongo uliopasuka na nyasi.

Lakini mto wenyewe tulikuwa hatujauona. Tulitembea kitambo juu ya mchanga, tukitafuta, hata tukamkuta kijana mmoja akichunga mbuzi. Tukamwuliza, "Mto uko wapi?" Akatutazama miguuni, akasema kwa adabu, ingawa tuliona anajizuia kucheka, "Mmesimama juu yake." Kisha akachimba kwa mikono yake, na kabla shimo halijafika kina cha kiwiko, mchanga ukalowa na maji yakaanza kujikusanya. Tuliona haya kidogo. Sisi tulikuwa tumezoea kuuita mto kile tu kinachopita mbele ya macho.

Jina la Oldupai ni la katani mwitu inayoota kwa wingi makorongoni humo. Wageni walilikosea wakaandika Olduvai. Hapo ndipo mwaka 1959 Bibi Mary Leakey alipoona fuvu la kale sana, ambalo wataalamu wanalihesabu kuwa na miaka kama 1,750,000. Wanasema wakati huo palikuwa na ziwa, na watu wa kale walikaa kando yake. Baadaye ziwa likatoweka, nchi ya upande wa Olbalbal ikashuka, maji yakaelekea huko yakilikata korongo tunaloliona leo. Kwa hiyo tangu zamani watu wa nchi hii wamekaa kwa kuyafuata maji, nayo maji yamehama mara nyingi.

Jioni tulikaribishwa bomani. Watoto walikuja mmoja mmoja wakiinamisha vichwa tuwaguse, ndivyo wasalimiavyo wakubwa, nasi tukapewa maziwa. Tulimwomba mzee wa boma atueleze jinsi wanavyoulinda mto huu. Tulitazamia kusikia habari za ua au za walinzi. Yeye akajibu, "Tunaulinda kwa kuondoka."

Akatueleza. Yako malisho waitayo alalili, yaani akiba ya nyasi, ambayo wazee huyafunga wakati wa mvua, asiingie ng'ombe hata mmoja, ili yafae wakati wa kiangazi. Karibu na boma ipo olopololi, sehemu ndogo zaidi, ya ndama na ya wanyama dhaifu. Kisimani kuna zamu: kila mwenye mifugo anajua siku yake, wala mtu haji na kundi lake kabla ya wengine kuondoka. Mahali pa kuchota maji ya watu huzungushiwa miiba, na wanyama hunyweshwa kando. Avunjaye utaratibu huitwa mbele ya wazee akatozwa. Mti haukatwi shinani. Hukatwa tawi, mti ukabaki. Na ng'ombe wakikaa mno mahali pamoja, huipondaponda ardhi ya ukingoni ikawa vumbi, na mvua ya kwanza huichukua yote. Basi kuhama kwao, ambako sisi wakulima hukudhani kuwa ni kutangatanga, ndiko kuipumzisha ardhi.

Lakini nafasi ya kuhama imepungua. Sababu moja ni nyumbu. Wakati wa mvua huja kwa maelfu kuzaa katika nyasi fupi za nyanda hizi, na ndama wao huwaambukiza ng'ombe ugonjwa usiowadhuru nyumbu wenyewe, bali ng'ombe aupataye hufa karibu kila mara. Kwa hiyo Wamaasai huwapisha na kwenda milimani, wakiyaacha malisho mazuri hata ndama wale wakue. Zamani si sana nyumbu walikuwa wachache, kwa ajili ya sotoka. Sotoka ilipozuiwa wakaongezeka: mwaka 1961 walihesabiwa kama 250,000, na mwaka 1977 zaidi ya 1,300,000.

Sababu nyingine ni watu na sheria. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na wafugaji waliokuwa Serengeti wakahamia huku, wakae pamoja na wanyama wa porini. Kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena. Wakazi walikuwa kama 8,000. Siku hizi wanafika karibu 100,000, katika nchi ile ile. Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamisha waliojiandikisha kwenda Msomera, wilaya ya Handeni. Wako waliokwenda, wako waliokataa. Agosti 2024 maelfu walikusanyika kwenye barabara kuu wakilalamika, na Desemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na wawakilishi wao Arusha, akaahidi tume mbili za kuchunguza mambo ya ardhi na ya uhamaji. Sisi si mahakimu wa shauri hilo, na hesabu ya watu na mifugo si jambo la kudharauliwa. Hata hivyo tunasema tuliyoyaona: sheria ya zamu kisimani haikuandikwa popote. Imo katika vichwa vya wazee wale, na wao wakitawanyika hatujui nani ataisoma.

Sasa ile sababu yetu ya nyumbani. Nyuma ya shamba letu Karatu hupita kijito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, nasi tulikuwa tumelima maharage hata maji yakagusa matuta. Mvua za mwaka uliopita zilikula ukingo, na mahali tulipokuwa tukivuka kwa hatua mbili sasa pana korongo linaloweza kumficha ng'ombe. Tulikwenda Olbalbal kuona watu wenye mto mbovu kuliko wetu, ili tujifariji.

Tuliporudi tulichukua kamba, tukapima mita 60 kutoka ukingoni. Zilimaliza maharage yote, zikaingia katika mahindi, zikakoma karibu na jiko. Jirani yetu, ambaye shamba lake liko ng'ambo, alisimama akitutazama, akauliza kama tunauza. Tukamwambia hapana, tunapima. Mama wa nyumba akauliza watoto watakula nini, na hilo si swali la kupuuzwa. Mwaka huu tumeacha mita 20, tumepanda matete, na jirani ameahidi kuacha kumi upande wake. Jumamosi tunakutana na nyumba nyingine nne zilizo juu ya kijito, nasi tutakwenda na ile kamba.