Jason na Pesa za Daftari

Wahenga walinena, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Likizo iliyopita niliingia banda moja la video hapa Ukunda, wakionyesha mfululizo wa Friday the 13th. Ile ya kwanza, ya 1980, ilinitia kiwewe. Muuaji haonekani hadi karibu na mwisho, kumbe ni mama anayelipiza kisasi cha mwanawe Jason aliyezama ziwani! Usiku huo hata chooni sikuthubutu kwenda peke yangu.

Basi nikanasa. Kila siku shilingi 20. Ya tano, ya 1985, muuaji wala si Jason, ni mtu mwingine kavaa barakoa! Ya nane, ya 1989, ilituahidi jiji la New York, lakini muda mwingi Jason yumo melini tu, utadhani anangoja kushuka Likoni. Banda zima tukacheka.

Pesa zenyewe zilikuwa za madaftari. Mama, ambaye huuza mahamri, aliponiuliza nilimweleza ukweli. Hakunigombeza. Alinyamaza, akaendelea kukanda unga. Wenzangu, kimya kile kilinitisha kuliko Jason. Na sehemu ya pili yake siitaki.