Bawabu Niliyemnyamazisha

Mwaka 2012, ilhali waya wa intaneti wa SEACOM ulikwisha kufika pwani yetu tangu miaka mitatu nyuma na kila afisi ikataka mashine zake zisilale, nilikabidhiwa seva za afisi moja mjini Dar es Salaam nizichunge usiku na mchana. Na maadamu mja hana uwezo wa kukesha daima, nikasimika Nagios, programu aliyoianzisha Ethan Galstad mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, ambayo huzizungukia seva kila baada ya dakika chache na kuzijulia hali.

Niliandika mwenyewe hati fupi ya kupima nafasi iliyosalia katika diski. Nilipoiendesha kwa mkono wangu ilijibu sawasawa. Ilipoendeshwa na Nagios ilinyimwa idhini, na ruhusa za faili nilizikagua mara tatu nisione ila. Mwenzangu aliyenitangulia kazini, niliyemheshimu kama kaka, akaninasihi: "Mdogo wangu, iondolee SELinux makali, upate kulala." Nikaandika setenforce 0, nikabadilisha na mipangilio ili hali hiyo idumu hata seva ikizimwa na kuwashwa, na jedwali zima la Nagios likawa kijani.

Miezi mitano nilikitazama kijani kile kwa fahari, nami najuta hadi leo, kwani SELinux, iliyotungwa na idara ya usalama wa taifa ya Marekani na kutolewa kwa umma mwaka 2000, ndiyo bawabu anayeuliza kila programu yataka nini na kwa idhini gani, hata ikiwa imevamiwa na mwovu. Katika hali niliyomweka, bawabu haondoki mlangoni: huandika daftarini kila kosa aonalo, lakini hamzuii mtu.

Daftari hilo ndilo lililonifunza. Nilipoketi kulisoma, faili ya audit.log, mstari baada ya mstari, nikakuta kwamba hati yangu ilibeba lebo ya admin_home_t, yaani ya nyumbani kwa msimamizi, kwa sababu niliiandikia huko kisha nikaihamisha kwa mv, na mv huchukua faili pamoja na lebo yake ya zamani. Lau ningalitumia cp, nakala ingalipata lebo ya mahali ilipofikia. Dawa yake ilikuwa amri moja, restorecon.

Makosa yaliyobaki daftarini yalitaka taamuli zaidi. Kijana mmoja wa afisini alitaka tuimiminie audit2allow daftari zima itutungie sera mpya, nami nikakataa, kwani chombo hicho hukiidhinisha kila kilichokatazwa pasi na kuuliza sababu, na miongoni mwa mistari ile mmoja uliomba kusoma /etc/shadow, hazina ya nywila za watumiaji. Tuliipitia yote pamoja, siku mbili, tukaidhinisha mistari minne tu.

Alasiri ya siku ya pili nikaandika setenforce 1, nikasubiri zamu ya Nagios ipite. Hati ya diski ikajibu: asilimia 61 imetumika.