Laki Sita na Nusu

Shilingi 650,000 si pesa ya kuchezea, lakini sisi tulitaka kuichezea kwelikweli. Laki nne zilikuwa zangu, za kuchapa kazi za watu kwenye steshenari ya mtaani kwetu Tandika. Mbili na nusu zilikuwa za mdogo wangu, za kuosha bodaboda. Mwaka mzima tumeziweka kwenye kopo moja la maziwa, kumbe kila mtu ana mashine yake kichwani.

Dogo alitaka PlayStation 4 ya mtumba. Nilimwelewa. Wote tumekulia kwenye kibanda cha gemu, pale unapolipia mechi, na ukifungwa unampisha mwenzio pedi. Hoja yake ilikuwa fupi: "Kaka, unachomeka kwenye TV, unaweka diski, basi. Gemu ukiichoka unaiuza, au unabadilishana na washikaji." Kweli tupu. Gemu ya kompyuta ukiinunua Steam haiuziki tena, mtabanana nayo kwenye akaunti yako mpaka uzeeni.

Mimi nilitaka kompyuta. Nikamhubiria bwana! Kwamba PS4 imetoka 2013, na PS5 imeingia 2020, hivyo gemu mpya nyingi haziihesabu tena. Kwamba kompyuta unaiongezea memori mwaka huu, kadi ya picha mwakani. Kwamba PlayStation inadai ada ili ucheze gemu nyingi na watu wa mbali kwa intaneti, na kompyuta haidai. Yote sawa. Ila gemu kwangu ilikuwa kisingizio. Nilitaka kitu cha kuandikia hadithi zangu usiku, steshenari ikishafungwa. Nyie mnaoandika mnanielewa.

Fundi mmoja wa Kariakoo ndiye aliyeniumbua. "Kwa hela hii mtapata kompyuta ya ofisini iliyotumika. Kuandika itaandika vizuri sana. Gemu kubwa sahau, mpaka mnunue kadi, na kadi yenyewe huenda umeme wa kwenye boksi hili usiitoshe."

Dogo alikuwa kasimama pembeni. Hakusema neno. Alinitazama tu kama mtu aliyefungwa bao dakika ya 90.

Kwenye daladala ndipo akauliza, "Kwani hizo hadithi unaandika kweli?" Nikamwambia ninazo tatu kwenye daftari. Usiku akataka nimsomee moja. Akacheka mahali ambapo mimi sikukusudia mtu acheke, tena akacheka sana, mpaka mama akagonga ukuta.

Tulinunua PS4. Sikushindwa kwa hoja, nilishindwa kumwangalia usoni. Sasa watoto wa jirani wanakuja kucheza, mechi moja shilingi 300, na dogo mwenyewe ndiye aliyesema hela hiyo iingie koponi, ya kompyuta ya kaka.

Juzi nilihesabu 14,500. Leo asubuhi zipo 12,000, na kuna diski mpya juu ya TV. Sijamuuliza bado.